APBA, Strat-O-Matic au All-Star Baseball: uchague upi ukitaka besiboli ya mezani ya kudumu nayo

Mtu anayetafuta mchezo wa besiboli wa kuchezea mezani kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni upi ulio sahihi zaidi, yaani ni upi ambao takwimu zake za mezani zitakaribiana na zile za uwanjani. Swali hilo lina nafasi yake, na nitalijibu hapa chini, lakini kwa maoni yangu si la kwanza. Michezo ya aina hii hainunuliwi kwa ajili ya jioni moja. Wako Wamarekani waliopewa sanduku lake wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili ambao bado wanalo baada ya kustaafu, na ukiwasikiliza wakisimulia utagundua kwamba hawakumbuki mambo yaleyale: mmoja anakumbuka umbo la kisahani cha mpigaji aliyempenda, mwingine anakumbuka namba zilizokuwa kwenye kadi, na mwingine anakumbuka mabishano na kaka yake juu ya mrushaji aliyepaswa kubadilishwa mapema. Kwa hiyo kigezo kikuu cha ulinganisho huu ni kile ambacho kila mchezo unahifadhi, ili msomaji aamue angependa kubaki na kipi.

Kwa msomaji ambaye besiboli yenyewe ni ngeni kwake, maelezo machache yatatosha. Mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akifanikiwa hukimbia kuelekea besi ya kwanza, na akizunguka besi zote nne hadi nyumbani timu yake hupata pointi. Upande unaopiga ukitolewa watu watatu, yaani auti tatu, zamu huhama, na kila upande ukishapiga mara moja iningi imekwisha; mechi ina iningi tisa. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa nje ni homurani, na mpigaji akishindwa mara tatu hutolewa kwa straiki. Jambo linalouwezesha mchezo huu kuhamia mezani ni kwamba kila pambano kati ya mrushaji na mpigaji ni tukio lenye mwanzo na mwisho, linaloweza kuhesabiwa na kuandikwa. Ukijua kwamba mpigaji fulani alipata homurani mara kadhaa katika mapambano mia sita ya msimu mmoja, unaweza kuugeuza uwiano huo kuwa matokeo ya dadu, na wewe ukakaa mezani kama kocha mkuu wa timu halisi. Soka, ambayo mpira wake hautulii, haijawahi kukubali jambo hilo kwa urahisi kama huu.

Michezo mitatu ninayoilinganisha ilizaliwa, kwa sadfa, kila mmoja miaka kumi baada ya mwenzake: All-Star Baseball mwaka 1941, APBA mwaka 1951 na Strat-O-Matic mwaka 1961. Iko mingine mingi, na ziko programu za kompyuta zinazoendesha msimu mzima kwa dakika chache, lakini hii mitatu ndiyo iliyolea vizazi vya wachezaji, na kila mmoja una njia yake ya kufikiri. Ili ulinganisho usielee hewani, nitaipima yote kwa msimu mmoja halisi, wa mwaka 1968, ambao Wamarekani huuita mwaka wa warushaji. Msimu huo Bob Gibson wa St. Louis Cardinals aliruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa kila iningi tisa, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya walinzi, huku bingwa wa upigaji wa American League, moja ya ligi kuu mbili, Carl Yastrzemski wa Boston Red Sox, akitwaa taji kwa wastani wa 0.301, yaani mapigo salama yapatayo matatu katika kila majaribio kumi, ambao ndio wa chini kabisa kuwahi kumpa mtu ubingwa huo. Warushaji walitawala kiasi kwamba mwaka uliofuata wakuu wa ligi waliamua kukishusha kilima cha mrushaji, yaani mwinuko anaosimama akirusha, kutoka inchi 15 hadi inchi 10. Mchezo wa mezani unaodai kuikumbuka besiboli lazima uwe na la kusema kuhusu mwaka kama huo.

All-Star Baseball: kumbukumbu ya mpigaji peke yake

Mchezo huu ulibuniwa na Ethan Allen, ambaye alicheza katika ligi kuu kuanzia 1926 hadi 1938 na baadaye akawa kocha wa besiboli wa chuo kikuu cha Yale, ambako miongoni mwa wanafunzi aliowafundisha alikuwemo George H. W. Bush. Ulichapishwa na kampuni ya Cadaco ya Chicago. Kila mchezaji ana kisahani cha karatasi ngumu chenye tundu katikati; ukingo wa kisahani umegawanywa katika vipande vyenye namba, na upana wa kila kipande unalingana na mara ambazo mchezaji huyo alipata matokeo hayo uwanjani. Unakipachika kisahani kwenye kifaa chenye mshale, unauzungusha mshale kwa kidole, na pale unaposimama ndipo palipo matokeo. Namba 1 ni homurani na namba 10 ni kutolewa kwa straiki.

Uzuri wake ni kwamba takwimu zinaonekana kwa macho. Mtoto asiyejua maana ya asilimia huweka kisahani cha Babe Ruth, mpigaji maarufu wa homurani, kando ya kisahani cha mchezaji wa kawaida na kuona mara moja kwamba kipande cha namba 1 cha Ruth ni kipana kupita kiasi. Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha mtoto wa miaka saba uwezekano ni nini, na hilo nalisema bila kuongeza chumvi. Kumbukumbu inayobaki pia ni ya macho na vidole: watu wazima husimulia vipana na vyembamba vya wachezaji wao, na husimulia jinsi walivyojifunza kuusukuma mshale kwa nguvu maalumu ili utue walipotaka. Udanganyifu huo mdogo uliwezekana kwa sababu mshale hutii mkono kwa namna ambayo dadu zilizotikiswa vizuri kikombeni hazitii.

Udhaifu wake ni mkubwa na hauna tiba ndani ya kanuni za msingi: mrushaji hayumo. Anaweza kusimama Gibson wa 1968 au mrushaji dhaifu kuliko wote katika ligi, kisahani cha mpigaji hakibadiliki hata kidogo. Ukiuchezea msimu wa 1968 utaona wapigaji wakishindwa, lakini mchezo hautakuambia ni nani aliyewashinda. Kwa kipimo tulichokiweka umefeli. Kwa mtoto mdogo na mzazi mwenye nusu saa baada ya chakula cha jioni, bado ningeuchagua kuliko hiyo mingine miwili.

APBA: kumbukumbu ya namba

APBA ina ukoo mrefu kuliko umri wa kampuni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtu wa Green Bay, Wisconsin, aitwaye Clifford Van Beek aliuza mchezo wa kadi na dadu ulioitwa National Pastime, ambao haukudumu sokoni. Kijana mmoja wa Lancaster, Pennsylvania, J. Richard Seitz, aliucheza na marafiki zake katika ligi waliyoipa jina la American Professional Baseball Association, na mwaka 1951 alianza kuuza mchezo wake mwenyewe uliojengwa juu ya fikra hiyo, akitumia herufi za mwanzo za jina la ligi yao ya ujana. Kwa maneno mengine, bidhaa yenyewe ni kumbukumbu ya watu waliokataa kuacha kucheza.

Namna yake ni hii. Kuna dadu mbili, moja kubwa nyekundu na moja ndogo nyeupe. Hazijumlishwi, bali husomwa kwa mfuatano, nyekundu ikiwa makumi na nyeupe ikiwa mamoja, kwa hiyo kuna matokeo 36 kuanzia 11 hadi 66, na kila moja lina nafasi sawa na jingine. Kadi ya mpigaji imeorodhesha matokeo hayo 36, na mbele ya kila moja kuna namba nyingine, ambayo unaitafuta kwenye ubao kulingana na hali ya besi: je, zote ni tupu, kuna mkimbiaji kwenye ya kwanza, ya pili, au zimejaa? Hali hizo ni nane, na namba ileile huweza kuzaa tukio tofauti katika kila hali. Ndiyo maana namba 24, ambayo huwa maarufu kwa kuangamiza, huleta auti mbili kwa mkupuo pale mkimbiaji anapokuwa kwenye besi ya kwanza, lakini besi zikiwa tupu huwa ni auti moja ya kawaida.

Anayeanza huona kazi hii ya kutazama mara mbili kuwa ya kuchosha, na kwa wiki za kwanza inachosha kweli. Baadaye jambo la ajabu hutokea: ubao hauhitajiki tena. Namba 13 ni kutolewa kwa straiki, namba 14 ni kupewa besi ya bure, namba 1 kwa kawaida ni homurani, na dadu mbili zikitua zote kwenye 6 mtu huinuka kitini kabla hajatazama kadi, kwa sababu 66 ndipo penye matokeo bora ya kila mchezaji. Namba pacha nyingine, kama 11 na 33, nazo huwa na neema. Aliyeucheza utotoni hujenga lugha kamili ya namba ambayo haimtoki; nimewahi kukaa na mzee aliyeuacha mchezo huu kwa miongo kadhaa na akasoma kadi mpya bila kugusa ubao, kama mtu asomaye barua. Kadi zenyewe pia husaidia kumbukumbu, maana huandika jina la utani la mchezaji, tarehe na mahali alipozaliwa, kimo chake na uzito wake. Ni wasifu mdogo, na mtoto anayezichambua kadi kitandani anasoma historia pasipo kujua kwamba anasoma.

Je, APBA inamwonaje Gibson? Katika kanuni za msingi warushaji hupewa madaraja ya A, B, C na D, na juu ya daraja huongezwa herufi zinazoonyesha kama mrushaji anawatoa wengi kwa straiki au kama analenga vizuri. Baadhi ya namba za mpigaji, hasa 8 na 9, ni pigo salama dhidi ya mrushaji dhaifu lakini huweza kugeuka auti dhidi ya mrushaji wa daraja la juu. Kwa hiyo Gibson anahisiwa mezani: unaona 8 ikitoka, unaanza kushangilia, halafu unakumbuka aliyesimama kilimani. Hata hivyo madaraja ni machache, na mrushaji bora wa msimu mzima na mrushaji mzuri tu huweza kuangukia kapu moja. Vivyo hivyo ulinzi wa uwanja: katika mchezo wa msingi pointi za walinzi wote tisa hujumlishwa na timu nzima ikawekwa katika moja ya ngazi tatu, kwa hiyo mlinzi hodari huchangia jumla lakini mara nyingi hatajwi yeye kama yeye. Kampuni ilitengeneza baadaye toleo la kina zaidi kwa wanaotaka undani huo. Mimi sikulipenda, kwa sababu linapunguza kasi, na kasi ndiyo neema ya APBA.

Lipo jambo moja zaidi ambalo wapenzi wake hulitaja kwa tabasamu. Ubao wa APBA una nafasi ya matukio adimu: mchezaji anaumia, mvua inasimamisha mechi, mtu anabishana na mwamuzi hadi anatolewa. Kwa mtazamo wa takwimu matukio hayo ni pambo, lakini kwa mtazamo wa kumbukumbu ndiyo chumvi. Mtu husahau ushindi mia mbili wa kawaida na akakumbuka kwa miaka arobaini siku ambayo nyota wake alitolewa uwanjani katika iningi ya pili.

Strat-O-Matic: kumbukumbu ya pambano

Hal Richman wa Long Island, New York, alianza kuunda mchezo wake akiwa na miaka 11. Hakuridhishwa na mshale, na alitaka jambo moja mahususi: mrushaji awe na uzito sawa na mpigaji. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1961 likiwa na kadi za nyota pekee, na mauzo yalikuwa hafifu. Ili kutengeneza kadi za timu zote alilazimika kumkopa baba yake, kwa sharti kwamba akishindwa atakwenda kufanya kazi katika biashara ya bima ya mzee huyo. Hakushindwa.

Suluhisho lake ni la kupendeza kwa urahisi wake. Dadu ni tatu. Ya kwanza inaamua safu: ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, na ikitoka 4, 5 au 6 unasoma kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, kuanzia 2 hadi 12, na jumla hiyo ndiyo mstari unaousoma. Kwa kuwa jumla ya 7 ina njia sita za kutokea na jumla ya 2 ina njia moja tu, mtengenezaji anaweza kupanga matokeo kwa uangalifu mkubwa. Matokeo yote yanayowezekana ni 216, na kati ya hayo 108 ni ya mpigaji na 108 ni ya mrushaji. Pale ambapo hata mgawanyo huo ni mpana mno, dadu yenye pande 20 huongezwa ili kuamua, kwa mfano, kama mpira umevuka ukuta au umeishia kwa mlinzi.

Hapa Gibson wa 1968 anapata haki yake. Msimu huo aliwatoa wapigaji 268 kwa straiki na akamaliza mechi 13 bila kuruhusu pointi hata moja, na yote hayo yako kwenye kadi yake mwenyewe, katika nusu ya uwezekano anayoimiliki. Yastrzemski akikutana naye, dadu ya kwanza ndiyo inayoamua pambano litafanyika katika ardhi ya nani, na watu wawili waliokaa pande mbili za meza huikodolea macho dadu hiyo kuliko hizo nyingine. Hakuna mchezo mwingine kati ya hii mitatu unaotoa hisia hiyo. Ulinzi nao ni wa mtu mmoja mmoja: baadhi ya matokeo kwenye kadi ya mrushaji hupeleka mpira kwa mlinzi anayetajwa kwa nafasi yake, na daraja lake, 1 likiwa bora, huamua kama ataudaka. Tangu mwaka 1972 kuna pia kanuni za juu, zilizochapishwa upande wa pili wa kadi, zinazotofautisha mpigaji anapokabiliana na mrushaji wa mkono wa kushoto na wa mkono wa kulia. Hapo ndipo ukocha unapoanza kwa dhati, na mtu aliyezoea bao atakuwa nyumbani, kwa kuwa kila hatua ya sasa inafungwa na hatua tatu zijazo: ukimwingiza mpigaji wa akiba mapema, mpinzani humleta mrushaji wa mkono wa pili, nawe huna tena wa kumjibu.

Kinachobaki katika kumbukumbu za wachezaji wa Strat-O-Matic, kwa hiyo, ni maamuzi na wapinzani. Ukiwauliza watakutajia rafiki waliyecheza naye chuoni, ligi ya watu wanane iliyodumu hadi wote wakaoa, na mrushaji aliyeachwa kilimani kwa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka 1981, wachezaji wa ligi kuu walipogoma na mechi ya nyota wote ikaahirishwa, mchezo huu ulichezwa ndani ya uwanja wa Cleveland siku ambayo mechi halisi ilikuwa ifanyike. Trip Hawkins, aliyeanzisha kampuni ya michezo ya kompyuta ya Electronic Arts mwaka 1982, ni mmoja wa waliolelewa na michezo ya mezani ya Richman, na ushawishi huo haukuishia kwake.

Lawama yangu ni ndogo lakini ya kweli. Kadi ya Strat-O-Matic ni nguzo za herufi na namba, haina jina la utani wala mahali pa kuzaliwa, na kwa mtu anayecheza peke yake huweza kuwa kavu. Ukicheza pande zote mbili mwenyewe, ule mvutano wa maamuzi hupungua nusu, kwa sababu huwezi kujishangaza. APBA, ambayo ina maamuzi machache zaidi, haipotezi kitu ukiwa peke yako. Unakuwa kama mtu asikilizaye redio ya mechi ambayo hajui itaishaje.

Muda, daftari na msimu wa kuchagua

Kabla ya kununua, fanya hesabu ya muda kwa uaminifu. Mechi moja ya APBA au ya Strat-O-Matic kwa kanuni za msingi huchukua takriban nusu saa kwa mzoefu. Hadi mwaka 1960 kila ligi kuu ilikuwa na timu nane, na kila timu ilicheza mechi 154, kwa hiyo kuurudia msimu wa ligi moja ni mechi 616. Ukicheza mechi moja kila siku utamaliza baada ya mwaka mmoja na miezi minane. Msimu wa 1968 wenye timu 20 ni mechi 1,620, na msimu wa leo wenye timu 30 ni mechi 2,430. Anayesema ataurudia msimu mzima wa leo kwa dadu ama ni mtu wa subira ya pekee ama hajapiga hesabu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua timu moja tu na kufuata ratiba yake halisi, au kuchukua timu nne na kuendesha ligi fupi.

Daftari ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Besiboli ina mfumo wa kuandika mechi ambao msingi wake uliwekwa katika karne ya 19 na Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza, na katika mfumo huo kila mlinzi ana namba yake kuanzia 1 hadi 9 na herufi K husimama badala ya kutolewa kwa straiki. Mwenye daftari la mechi za mezani la miaka thelathini iliyopita anaweza kulifungua leo na kuiona mechi yote pigo kwa pigo. Kwa upande huu All-Star Baseball iko nyuma, kwa kuwa kisahani husema aina ya auti bila kusema ni mlinzi gani aliyeitengeneza, ilhali APBA na Strat-O-Matic humtaja mlinzi mara nyingi na hivyo daftari hujaa maisha. Kama unajijua kuwa mtu asiyependa kuandika, tofauti hii haitakuhusu, lakini pia sehemu kubwa ya kumbukumbu itakupita.

Kuhusu msimu, Wamarekani wengi hununua kadi za mwaka waliokuwa na miaka kumi, na ni sawa kwao. Msomaji aliyekulia Moshi, Mombasa au Lubumbashi hana mwaka wa namna hiyo, na uhuru huo ni faida. Anaweza kuanza na 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia wachezaji Weusi mlango wa ligi kuu kwa zaidi ya nusu karne. Au anaweza kuwaendea wale waliofungiwa wenyewe: mwaka 2009 Strat-O-Matic ilitoa seti ya nyota wa Negro Leagues, ligi za Wamarekani Weusi, iliyotengenezwa baada ya utafiti wa kukusanya matokeo ya magazeti ya zamani. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka kumi kabla ya ligi kuu yenyewe kuzitambua ligi hizo rasmi, mwezi Desemba 2020, na miaka 15 kabla ya takwimu zake kuingizwa katika kumbukumbu rasmi mwaka 2024, hatua iliyomfanya Josh Gibson, mpigaji wa ligi hizo, kwa wastani wake wa 0.372, awe juu ya wapigaji wote wa historia. Kwamba sanduku la dadu liliwahi kufika kabla ya ofisi ni jambo ninalolipa uzito mkubwa katika uchaguzi, na ni sababu mojawapo ya kumshauri msomaji wetu aanze na Strat-O-Matic hata kama mimi binafsi ni mtu wa APBA.

Kwa jirani zetu wa Uganda, ambako besiboli ya watoto ina mizizi, na ambao timu yao ya Lugazi mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, mpango wangu ungekuwa tofauti kidogo. Klabu ya vijana inahitaji mchezo unaofundisha mkakati na unaochezwa na watu wawili wakitazamana, wengine wakiwa wamewazunguka na kutoa ushauri usioombwa. Strat-O-Matic kwa kanuni za msingi inafaa, na kanuni za juu ziongezwe pale vijana wanapoanza kuuliza kwa nini mrushaji wa mkono wa kushoto anatendewa kama wa kulia. Mtu mzima anayeishi peke yake ughaibuni, anayetaka saa moja ya utulivu baada ya zamu ya usiku, achukue APBA. Mzazi mwenye watoto wadogo achukue All-Star Baseball, akijua kwamba baada ya miaka michache watakua na kuuacha.

Linabaki suala la mahali pa kupata. APBA na Strat-O-Matic bado zina kampuni zinazochapisha kadi mpya kila mwaka, na zote zina pia matoleo ya kompyuta kwa asiyetaka kulipia uzito wa karatasi kwenye posta. All-Star Baseball hupatikana zaidi kwa wauzaji wa vitu vya zamani, na hapo kuna la kuangalia: mshale uliopinda, au ubao uliojikunja kwa unyevu, huegemea upande mmoja, na visahani vyote vikawa vinasema uongo. Dadu zikipotea, dadu zozote za dukani zitafaa, mradi kwa APBA ziwe za rangi mbili na kwa Strat-O-Matic moja itofautiane na mbili nyingine. Lakini ukinunua APBA ya mitumba, hakikisha ubao umo sandukuni kabla ya kutoa fedha, kwa sababu kadi zake zina namba tupu, na asiyezijua kwa moyo hawezi kuzicheza.